Kazi Uliyofanya

Karani wa kata ya Chumbageni
ananijazia fomu ya kuthibitisha kwamba ningali hai,
ili pensheni ya ng'ambo isikatwe.
Amefika mstari wa tisa.
"Kazi uliyofanya, mama?"
Mifumo ya kuongozea roketi.
Kalamu inasita. Anatazama feni, ananitazama mimi.
"Niandike fundi umeme?"
Andika, mwanangu. Si uongo sana.

Ila umeme haukuwa mwanzo.
Mwanzo ni korona ya mkonge, kule Pongwe,
na baba yangu, Singano Kilua, viganja vimeliwa na utomvu,
akinionyesha gavana,
si yule wa Mwingereza, gavana wa injini:
mipira miwili ya chuma inayozunguka mhimili.
Injini ikipata kiherehere, mipira hutanuka, hubana mafuta.
Ikisinzia, hushuka, hufungulia.
"Humu ndani," alipaza sauti juu ya mngurumo,
"hii ndiyo mashine pekee yenye adabu.
Inajisikiliza."

Miaka thelathini na mmoja nimelipwa
kwa neno hilo moja.

Nilikokwenda kulikuwa na baridi ya kukata masikio
na ofisi isiyo na dirisha.
Moto sikuugusa. Moto ulikuwa na wapishi wake.
Mimi nilikuwa wa kuuliza: unaelekea wapi?
Na sasa? Na sasa?
Mara mia nne kwa sekunde.
Maana roketi, msidanganyike na picha, haipendi kusimama.
Ni mchi uliosimamishwa wima juu ya kidole,
na kidole kinakimbia.
Wahenga walisema ufa uzibwe.
Hawakusema uzibwe kabla jicho halijapepesa.

Kuna siku nilikosea.
Alama moja ya kutoa
mahali palipotaka kujumlisha.
Kilichoinama kushoto, nikakisukuma kushoto.
Sekunde ya thelathini na saba
kazi ya watu mia sita iligeuza shingo,
ikatazama chini kama mtu aliyesahau funguo,
ikavunjika juu ya bahari isiyo yetu.
Hakufa mtu.
Nililirudia hilo chooni, bomba nimelifungulia
wasinisikie:
hakufa mtu, hakufa mtu.

Asubuhi nikasimama mbele yao: ni mkono wangu.
Mkuu wetu hakufoka.
Alinisogezea rundo la karatasi.
"Kuanzia leo, kila alama ya kutoa humu ndani
itapita kwako."
Sijui kama ilikuwa adhabu au kazi mpya.
Baada ya hapo zilipaa ishirini na mbili, zikanyooka.
Sikumbuki vizuri hata moja.

Baba alifariki mwaka wa ile ya tisa.
Barua ilichukua siku kumi na nne.
Katika fani yetu, habari ikichelewa kiasi hicho
unarekebisha kitu ambacho hakipo tena:
wiki ile ile nilikuwa nimetuma pesa za dawa.

"Sahihi yako hapa," anasema karani.
Natia. Anagonga muhuri mara mbili,
wa kwanza haukuwa na wino.
Basi, ni hai.

Nje, baiskeli yangu inangoja ukutani.
Nashika njia ya Ngamiani, nakata Barabara ya Kumi na Mbili.
Kijana wa duka la vipuri anapiga kelele:
"Bi Mwantumu! Umenyooka kama rula!"
Nacheka, simjibu.
Laiti angeinama aone vumbi nyuma yangu,
alama ya tairi ilivyojipinda,
kushoto kidogo,
kulia kidogo,
mwanamke mzima anaanguka
na kujidaka,
anaanguka na kujidaka,
mpaka mlangoni kwake.